Pombe Ilipokuwa na Mwenyewe

Sisi tuliozaliwa katika milima ya Rutshuru na Masisi, mashariki mwa Kongo, kabla ya uhuru wa 1960, tukaoa na kulea katika nchi iliyopewa jina la Zaire mwaka 1971, tukaiona Zaire nayo ikifa mwaka 1997, kisha tukavuka mpaka wa Bunagana tukiwa watu wazima wenye wajukuu, tumebaki wachache hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Vijana wanatuheshimu, na hilo hatuwezi kuwanyima. Mzee akitembea kando ya barabara ya Rwekubo, kijana wa bodaboda hupunguza mwendo asimtimulie vumbi. Tunaitwa katika mikutano ya shule na ya vijiji ili tuseme na vijana juu ya ulevi, sigara na dawa za kulevya. Tunapewa kiti cha mbele, chupa ya maji na dakika kumi, na ndani ya dakika hizo mzee hukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, hupigiwa makofi, kisha huketi. Nimewahi kupigiwa makofi hayo. Lakini yanayostahili kusemwa juu ya pombe, tumbaku, bangi na mairungi ni marefu kuliko hapo, na mengine hayapendezi masikioni mwa wazee wenyewe. Nitayaandika, kwa kuwa karatasi haina mwenye kuangalia saa.

Katika kijiji nilikokulia pombe ilikuwa kasiksi, na kasiksi ilikuwa na mwenyewe. Mwenye shamba la migomba ndiye aliyeamua mikungu ipi ikatwe kwa kazi hiyo. Ndizi zilifukiwa shimoni, zikafunikwa kwa majani ya mgomba na udongo, moto mdogo ukawashwa pembeni ili joto na moshi viziivishe kwa siku kadhaa. Zikitoka, wanaume walizikanda pamoja na majani makavu ndani ya gogo lililochongwa, juisi ikachujwa, na sehemu ya kwanza ikagawiwa watoto na akina mama ingali tamu, kabla haijachacha. Iliyobaki ilitiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa, ikaachwa ichemke yenyewe. Wanyankole waliotupokea huku wana yao, tonto, na hatua zake zinakaribiana sana na zetu, hata mkongwe wa hapa Isingiro na mkongwe wa Rutshuru wanaweza kuizungumzia asubuhi nzima na wasichoshane. Toka mkungu kukatwa hadi mtu kunywa palipita karibu wiki moja, na katika wiki hiyo kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kujua nani ana pombe, ni ya shughuli gani na nani amealikwa. Hakuna aliyeweza kunywa kwa siri kitu kilichotengenezwa hadharani kwa muda mrefu namna hiyo.

Ilinywewa jioni, kazi ikiisha. Ilinywewa mahari ilipotolewa, mtoto alipozaliwa, matanga yalipokwisha, au watu walipokwenda kumlimia mwenzao. Mtungi uliwekwa katikati, mirija ikatumbukizwa, na kila mtu alijua nafasi yake ya kuketi. Kijana asiyeoa alimiminiwa kikombe, na aliyemmiminia ndiye aliyewajibika kwa atakayoyafanya baadaye. Ukilewa ukamtukana mkwe wa mtu, hukuitwa peke yako mbele ya wazee. Aliyekukaribisha naye aliitwa, akaulizwa alikuwa wapi ulipokuwa ukiongeza cha tatu. Tumbaku ilikuwa na mpaka wake vilevile. Bibi zetu walivuta kiko uani baada ya chakula, wazee walinusa ugoro, na mtoto aliyekutwa na kipisi cha sigara alichapwa na mtu mzima yeyote aliyepita, bila kuulizwa ni wa nani. Nyumbani akisema amechapwa, aliongezwa.

Sisemi haya ili mje kuamini kwamba zamani hapakuwa na walevi. Walikuwapo. Wapo waliouza mashamba ya urithi kwa ajili ya kreti za bia ya Primus, wapo waliowapiga wake zao kila juma, na bibi zetu wa kiko walikufa wakikohoa, nasi tukakiita kikohozi kile uzee kwa sababu hatukuwa na jina lingine la kukipa. Ninachosema ni kwamba kilevi kilikuwa na saa yake, mahali pake, na mtu wa kukijibia. Mlevi alijulikana kuwa mlevi, na watoto walionyeshwa. Kijana wa leo anayekaa nyuma ya vibanda vya Base Camp na kichupa mfukoni hana aliyemmiminia. Amejinunulia mwenyewe, amekunywa mwenyewe, na akianguka mtaroni hakuna wa kuitwa na kuulizwa alikuwa wapi.

Utaratibu ule haukuvunjwa na starehe. Ulivunjwa na miaka ambayo mtu wa rika langu akiitaja huishusha sauti. Mimi ni mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya serikali ilikauka, wazazi wakaanza kutulipa wao, mwenye fedha kwa fedha na mwenye maharagwe kwa maharagwe, na tukaendelea kuandika ubaoni kwa chaki tulizozikata vipande ili zifike mwisho wa muhula. Mwaka 1993 Masisi ikawaka. Mwaka 1994 jirani zetu wa Rwanda walifika kwa mamia ya maelfu, mwaka 1996 vita vikaingia, mwaka 1998 vikarudi, na tangu hapo kila kikundi kilichopita kilitaka wavulana. Wavulana waliochukuliwa tuliwaita kadogo. Waliorudi walitusimulia jambo ambalo wengi wameshalithibitisha: kwamba walipewa bangi na pombe kali ili wasisikie woga mbele ya risasi. Ndiyo mara ya kwanza, kwa akili yangu, kilevi kutolewa na mtu mzima kwa mtoto kwa makusudi ya kumwondolea mtoto utu wake. Tangu siku hizo sijamcheka kijana mlevi, hata anapochekesha.

Tulivuka mwaka 2008, vita vilipoizunguka Rutshuru. Wengine walitutangulia, na wengine wamekuja nyuma yetu, hasa tangu Bunagana yenyewe ilipotekwa Juni 2022. Tulipita Kisoro, tukashushwa hapa, tukapewa turubai, sufuria, jembe na kipande cha ardhi. Makazi haya si ya jana: yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliotoka Rwanda, na baadaye yakawapokea Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na Wakongo, hata leo katika mwendo wa saa moja kwa miguu unasalimiwa kwa lugha sita. Mchana ulikuwa na kazi ya kutosha. Kufyeka, kufyatua matofali, kuchota maji, kupanga foleni, kulima maharagwe katika udongo tusiouzoea. Usiku ndio uliokuwa mgumu. Mtu alilala, akaona aliyoyaona, akaamka analia mbele ya watoto wake.

Hapo ndipo rika letu lilipogawanyika. Baadhi yetu walianza na glasi moja ya kulalia. Pombe humlaza mtu upesi, kweli, lakini huuvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na zile ndoto alizozikimbia humngojea alfajiri zikiwa kali zaidi. Kwa hiyo glasi moja ikawa mbili, ya usiku ikavuta ya asubuhi, na mwalimu, fundi seremala, katekista, watu wenye mikono na akili, wakawa watu wa kuongozwa nyumbani na watoto. Tumewazika kadhaa. Wengi wetu hatukupita njia hiyo, na ninaposema hivyo nina fahari kidogo, ila sidanganyi kuhusu sababu. Tuliokoka kwa sababu tulichoka. Mtu aliyefyatua matofali tangu kunapokucha alilala bila kubembelezwa. Tena tulibisha hodi. Asiyeonekana shambani kwa mfululizo alifuatwa mlangoni, akaulizwa, akaletewa uji, na kama alikuwa amelewa aliketiwa hadi apoe. Kwaya, vikundi vya kulimiana, michango ya matanga, vyote tuliviunda upya kabla nyumba zetu hazijapata milango, si kwa sababu tulisoma mahali kwamba vinasaidia, bali kwa sababu hatukujua namna nyingine ya kuishi.

Sasa nawatazama ninyi, wanangu, na lazima nipime kwa haki. Sisi tulipewa ardhi iliyotosha kumchosha mtu. Ninyi mnapata kiwanja kinachotosha nyumba na mistari michache ya mboga, kwa kuwa watu wameongezeka na ardhi haikuongezeka. Mgawo wa chakula ambao sisi tuliukuta ukiwa kamili umepunguzwa tangu 2020, ukapunguzwa tena, na mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisimamisha msaada kwa karibu watu milioni moja katika Uganda nzima. Mmesoma kuliko sisi. Mnaongea Kiingereza, Kinyankole na Kiswahili mchana mmoja. Mkimaliza shule mnakaa. Mnangojea jina kwenye orodha ya kupelekwa Marekani au Kanada, simu ya mjomba, msimu, mechi. Kungojea ni kazi ngumu isiyochosha mwili, na mwili usiochoka usiku hautulii. Mzee anayewaambia vijana kwamba wanalewa kwa uvivu hajawahi kungojea kitu kwa miaka kumi bila kujua kama kitakuja.

Na kinachouzwa leo hakifanani na kasiksi. Kasiksi ilijaza tumbo kabla haijafika kichwani. Waragi wa kiwandani, pombe kali ya Uganda, una kileo cha asilimia 40, na kwa miaka mingi uliuzwa katika vifuko vya plastiki ambavyo mtoto aliweza kuvificha ndani ya daftari. Serikali ya Uganda ilivipiga marufuku vifuko hivyo mwaka 2019, ikataka chupa isiyopungua mililita 200. Ilikuwa hatua njema, nasi tuliisifu. Kilichofuata kila mtu anakijua: chupa ndogo ikanunuliwa na wanne kwa kuchangiana, na asiye na fedha ya kuchangia akaenda kwa waragi wa pipa, unaopimwa kwa glasi ndogo kabisa ili hata mwenye sarafu moja asirudi bure. Sigara ni hivyo hivyo. Sheria ya tumbaku ya 2015 inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 21, inakataza kuuza sigara moja moja, inakataza shisha na inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Nendeni kibanda chochote jioni mtazame pakiti iliyofunguliwa juu ya meza, kiberiti kimefungwa kwa uzi pembeni yake kisichukuliwe, na mtoto wa shule akiwasha yake palepale huku akishika daftari kwapani.

Waragi wa pipa nimeuona ukipikwa, na ningependa kila kijana auone mara moja kwa mchana, kwa akili timamu. Pombe ya ndizi au ya molasi hutiwa katika pipa la mafuta, pipa hufungwa kwa udongo na magunia, bomba hutoka juu yake na kupita ndani ya maji baridi, na mvuke uliogeuka kuwa matone hudondoka chupani. Matone ya kwanza ndiyo yenye harufu kali, na mpishi mwenye ujuzi huyamwaga, kwa kuwa humo hukusanyika vitu visivyofaa kunywewa. Asiyejua huyachanganya. Mwenye tamaa hufanya jambo baya zaidi: huongeza methanoli, ile spiriti ya viwandani, ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho. Mtu huona ukungu, kisha haoni, kisha figo na pumzi hushindwa. Mwezi Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale, ambayo wengi wetu tuliipita tulipokuwa tukiletwa huku, watu wapatao 80 walikufa katika wiki chache kwa waragi uliotiwa methanoli. Walikunywa kitu kilichokuwa na rangi ileile, harufu ileile, na glasi ileile ya jana.

Mabango yaliyobandikwa zahanati husema kwamba tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na pombe karibu milioni 2.6. Takwimu hizo ni za kweli, zimetoka Shirika la Afya Duniani. Lakini kijana wa miaka 16 hazimgusi, kwa sababu anaowaona wanakufa katika takwimu ni wazee, na yeye hana mpango wa kuzeeka. Kwa hiyo mimi nikisema na vijana siwaanzishii kwenye kaburi. Nawaanzishia kwenye kichwa. Moshi wa sigara ukivutwa, nikotini hufika ubongoni katika muda wa sekunde kumi hivi, ikaamsha mle ndani ile raha ndogo ambayo ubongo hutoa mtu anapokula akiwa na njaa. Ubongo hujifunza haraka. Baada ya muda huacha kutoa raha yake wenyewe na kudai iletwe kutoka nje, na hapo mvutaji havuti tena ili afurahi, anavuta ili arudi alipokuwa kabla hajaanza. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa kuliko zote ni ile ya kujizuia na kupima matokeo. Ndiyo maana anayeanza akiwa na miaka 14 hushikwa upesi na huachiliwa kwa taabu kuliko anayeanza akiwa na 30, na ndiyo maana wanaouza wanamtaka yule wa 14. Nikifika hapo darasa hunyamaza. Vijana hawapendi kuambiwa wataugua. Kuambiwa kwamba kuna mtu anawahesabu ndiko kunakowachoma zaidi.

Mairungi, majani ya kutafuna ambayo wengine huyaita miraa, yana mjadala wake. Jirani zetu Wasomali, ambao wengi wao hawagusi pombe kwa sababu ya dini, wana wazee waliokulia wakiyatafuna barazani, kwa mazungumzo na chai tamu, kwa taratibu zinazonikumbusha mtungi wetu. Sitawahukumu. Hata wao kwa wao hawakubaliani, na sheikh mmoja aliwahi kuniambia kwamba akina mama wa kwao wanayachukia kuliko sisi tunavyochukia waragi. Nguvu ya jani iko katika ubichi wake. Ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa hupungua sana, na ndiyo sababu magari yanayoyabeba hukimbia vile. Uganda iliyaweka katika sheria ya dawa za kulevya ya 2015; Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo mwaka 2023 kwa kuwa Bunge lilipoipitisha halikutimiza akidi, na mwaka huohuo Bunge likapitisha nyingine. Wakati majaji na wabunge wakirushiana karatasi, jani liliendelea kuuzwa Mbarara na huku kwetu.

Nimemfuatilia kwa karibu kijana mmoja wa bodaboda, mwana wa rafiki yangu marehemu. Alianza kutafuna ili aweze kubeba abiria usiku kati ya Rwekubo na makazi, kwa sababu usiku nauli ni nzuri na mchana pikipiki ni nyingi. Jani lilimweka macho, likamnyima njaa, likampa maneno mengi. Alfajiri moyo ukiwa bado unakimbia hakuweza kulala, basi akatafuta cha kumshusha: waragi. Mchana akaamka mzito, akahitaji cha kumwinua. Katika muda usiozidi mwaka alikuwa na viwili mahali pa kimoja, na pikipiki ikarudi kwa mwenyewe. Sikumkuta akiwa mtu mbaya. Nilimkuta akiwa mtu aliyefanya hesabu ya biashara, na hesabu ya mwanzo ilikuwa sahihi. Hili ndilo ninalotaka wazee wenzangu walielewe kabla hawajaanza kupaza sauti: vijana wengi hawakuingia humu kwa kutafuta uharibifu. Waliingia kwa kutafuta usingizi, nguvu za kazi, ujasiri wa kuongea na msichana, au mahali pa kukaa ambapo hawaulizwi watafanya nini na maisha yao. Ukimnyang'anya kijana glasi bila kuuliza ilikuwa inamfanyia kazi gani, ataitafuta nyingine kabla hujafika nyumbani.

Kuna jambo moja ambalo wazee tumelishika vibaya kwa ukaidi, nalo linaua. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, tukimpenda, tunamfungia ndani. Tunamnyima hata tone, tunamwombea, na anapoanza kutetemeka, kutoka jasho, kuona wadudu ukutani na kuzungumza na watu wasiokuwapo, tunasema pepo linatoka. Hilo si pepo. Ubongo wake umezoea kubanwa na pombe, na ukiachiliwa ghafla huruka. Katika siku mbili au tatu za mwanzo anaweza kushikwa na degedege na kufa, wakati mwenzake wa bangi au wa sigara angeteseka tu kwa hasira na kukosa usingizi. Mtu wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya kabla hajaachishwa. Kipo cha Rwekubo, na ikizidi ipo hospitali ya rufaa ya Mbarara yenye wadi ya magonjwa ya akili, ambako dawa humshusha polepole na vitamini humkinga asipoteze kumbukumbu. Maombi yaendelee, mimi mwenyewe ni mtu wa maombi. Yaendelee njiani, ndani ya gari.

Lililotugawa wazee mwaka huu ni pipa la mjane mmoja wa kijiji cha jirani. Anapika waragi nyuma ya nyumba, bila leseni, kinyume cha sheria ya enguli, yaani waragi wa kienyeji, ya miaka ya 1960, na kila mtu anajua, askari wakiwemo. Nusu ya kamati yetu ya wazee ilitaka pipa lipasuliwe kwa shoka mbele ya watoto, liwe fundisho. Waliosema hivyo ni watu wa heshima, na wawili kati yao wamezika watoto. Nilipinga. Mjane yule ana watoto wanne shuleni, na ada yao inatoka ndani ya bomba lile. Mgawo wake ulikatwa, na tangu hapo amepika mara mbili ya zamani. Tukipasua pipa leo, kesho watoto wake watakuwa nyuma ya vibanda pamoja na wateja wake, na mpishi mwingine asiyejua kumwaga matone ya kwanza atachukua nafasi. Mzee mmoja aliniuliza kwa ukali kama nimeanza kumtetea muuza sumu. Nilimjibu kwamba namtafuta mtu wa kuitwa na kuulizwa alikuwa wapi, na huyu walau tunaujua mlango wake.

Tulimwita. Alikuja amejifunga kitenge kizuri, akaketi wima, akatusikiliza bila kuinamisha uso. Alikubali kutomuuzia aliye chini ya miaka 18, kutomuuzia yeyote kabla ya saa kumi jioni, na kumtuma mwanawe atuite kila anapomwona kijana ameanza kutetemeka mikono asubuhi, kwa maana wauzaji hujua hilo kabla ya wazazi. Kwa upande wetu tulikubali kumtafutia nafasi katika kikundi cha akiba na mikopo ili aanze kuuza unga, na tukimpata mkopo pipa alitoe mwenyewe. Vijana waliokuwa mlangoni wakisikiliza waliomba nao wapewe watu wawili katika kamati, kwa hoja kwamba wao ndio wanaojua nani anauza bangi na saa ngapi, sisi hutangulia kulala. Kulikuwa na minong'ono, mzee mmoja akatoka nje, kisha akarudi. Walipewa nafasi hizo mbili. Tutakutana tena baada ya mavuno ya maharagwe, ataanza kuzungumza mjane, watafuata vijana, na sisi tutasema mwisho.